Wasomaji Wauliza: Seli ya Methanoli Inayozimia Ikipewa Mzigo

Ndugu Mhariri, chuoni tuna seli ya fueli (kifaa kinachogeuza fueli moja kwa moja kuwa umeme) ya kufundishia, inayolishwa methanoli iliyochanganywa na maji. Eneo lake ni sentimita 5 za mraba, utando unaopitisha protoni ni Nafion 117. Bila mzigo inasoma volti 0.5, tukivuta miliampea 500 inaporomoka na namba zinachezacheza. Tuliongeza methanoli hadi molari 4 (moli 4 kwa lita), ikazidi kuharibika. Tununue kichocheo kipya?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam*

Msinunue kitu kwanza. Kinadharia methanoli na oksijeni hutoa takriban volti 1.2, lakini seli isiyo na hitilafu ya aina hii bila mzigo husoma kati ya 0.6 na 0.8. Utando huo, licha ya unene wake wa mikromita 180 hivi, hupenyeza methanoli hadi upande wa hewa. Ikifika huko inaungua juu ya platinamu (kichocheo), inakula oksijeni na kushusha volti. Myeyusho ukiwa mkali, kinachopenya ni kingi zaidi. Ndiyo maana molari 4 iliwaangusha.

Rudini molari 1: mililita 40 za methanoli safi, kisha jazeni maji yaliyokenekwa hadi lita moja kamili. Jaribuni pia 0.5 na 1.5, seli ikiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70. (Methanoli isivutwe kwa mdomo hata kidogo, inapofusha, na ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani vizuri.)

Namba kuchezacheza ni kazi ya mapovu. Kwa miliampea 500 seli yenu hula mililita 0.05 tu za myeyusho wa molari 1 kwa dakika, lakini hutoa kaboni dioksidi ya mililita 1.3 hivi kwa dakika hiyohiyo. Mkilisha mililita 0.2, fueli ni mara nne ya mahitaji, ila mifereji imejaa gesi na kichocheo hakilowi. Pandisheni hadi mililita 1 au 2. Isimamisheni seli wima, myeyusho uingilie chini na kutokea juu. Wekeni mrija mweupe unaoonyesha ndani kwenye tundu la kutokea: mapovu madogo yakifuatana, hapo pana usalama. Mkiona donge refu la gesi limekwama kisha likachomoka ghafla, tazameni multimita wakati huohuo, itaruka nalo.

Upande wa hewa, hesabu inataka mililita 9 kwa dakika. Pulizeni 50 hadi 100, kwa kuwa hewa hiyo ndiyo inayosukuma maji yanayofurika kwenye kathodi.

Seli yetu ya methanoli ilianza vizuri, sasa nguvu inapungua kila wiki. Tunatumia maji ya bomba yaliyochemshwa, na viungio vya mirija ni vya alumini.
*Fundi wa maabara, Nakuru*

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Ioni za kalisi na sodiamu, pamoja na zile za alumini inayoliwa, zinakaa kwenye nafasi za protoni ndani ya utando, na ukinzani unapanda. Wekeni viungio vya plastiki ya polipropilini au tefloni. Utando ambao haujashinikizwa na elektrodi husafishwa kwa asidi ya salfuriki ya molari 0.5, nyuzi 80, saa moja, kisha maji yaliyokenekwa mara kadhaa. Ulioshinikizwa tayari msiuchemshe kwenye asidi, mtapoteza ruthenimu, madini yanayochanganywa na platinamu kwenye kichocheo cha upande wa methanoli.

Ruthenimu hiyo hupotea pia pampu ikisimama huku mzigo umebaki. Anodi (upande wa methanoli) ikikosa methanoli, volti yake hupanda na madini huyeyuka. Kwa hiyo tangulizeni kuondoa mzigo, pampu ifuate.

Je, naweza kutumia spiriti ya dukani, au hata gongo, badala ya methanoli?
*Msomaji, Morogoro*

Umeme kidogo utauona. Ethanoli ina kaboni mbili zilizoshikana, na platinamu kwenye joto hili hushindwa kuzitenganisha. Badala ya elektroni 12 kwa molekuli, unapata 4 ikiishia kuwa asidi ya siki, au 2 ikiishia asetaldehidi. Platinamu yenye bati hufanya vizuri kuliko yenye ruthenimu, ingawa nayo huishia hapohapo. Spiriti ya dukani ina rangi na vichungu vinavyoganda juu ya kichocheo, na gongo lina uchafu wake. Tumia ethanoli ya maabara, molari 1, na ukimaliza suuza seli kwa maji yaliyokenekwa mpaka harufu ya siki iishe.