Sungura mzee asiyeacha kukoroma: ninavyomtunza Pamba

Sungura hupumua kwa pua. Mbwa pua ikiziba atahema kwa mdomo, lakini sungura akifikia kufungua mdomo kutafuta hewa, ujue hali yake ni mbaya mno. Ndiyo maana kamasi ambayo kwa mtoto tungeifuta na kuendelea na shughuli, kwa sungura mzee inataka uangalizi wa kila siku.

Pamba wangu ana miaka 9, umri mkubwa kwa sungura, na tunaishi Dodoma, kwenye vumbi na upepo. Anakoroma na kupiga chafya miaka sasa. Sitarajii apone kabisa. Ninachokipigania ni ale vizuri, alale bila kuhangaika, na aendelee kunifuata jikoni kila asikiapo mfuko wa majani.

Mara nyingi chanzo ni bakteria, hasa Pasteurella multocida, na wakishajichimbia ndani kabisa ya pua, dawa huwapunguza tu kisha wanarudi. Hata hivyo, kwa sungura mzee usikubali kuambiwa ni mafua kabla mdomo haujakaguliwa. Meno ya sungura hayakomi kukua, na mizizi ya meno ya juu iko jirani na mfereji wa machozi na njia ya pua. Mzizi ukirefuka au ukitunga usaha, pua hutoa uchafu, na mara nyingi jicho la upande huohuo nalo hutoa machozi. Kama kamasi inatoka tundu moja tu, mwambie daktari wa mifugo waziwazi. Omba na picha ya eksirei ya kichwa na kifua ikiwezekana, kwa kuwa moyo au uvimbe kifuani pia huleta kuhema.

Hapa naomba unisikilize sana: usimpe amoksilini ya maji ya watoto iliyobaki kabatini. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa tumboni mwa sungura, wabaya wakashika nafasi, akaharisha na kufa. Daktari anaweza kuchoma penisilini kwa sindano chini ya ngozi, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Lakini ya kunywa, kamwe.

Baada ya dawa ni hewa, na kwangu hewa ndiyo imeleta nafuu kubwa kuliko chochote. Maranda ya mbao aliyokuwa akilalia niliyaondoa, nikaweka karatasi na nyasi kavu ninazozikung'uta nje kwanza. Jiko la mkaa, udi na dawa ya mbu ya kuwasha havikai alipo Pamba. Mkojo nao hutoa hewa kali inayochubua njia ya pua, na yeye pua yake iko chini, karibu nao. Kila asubuhi nainama hadi usawa wa trei yake na kunusa. Ikiniwasha kidogo tu, yeye imemwasha usiku kucha.

Kisha namsafisha. Kipande cha pamba kilicholowa maji ya uvuguvugu nakishikiza puani mwake mpaka gamba lilainike lenyewe, sivuti. Naangalia pia upande wa ndani wa miguu ya mbele: manyoya yakiwa yamegandamana, amekuwa akijifuta kamasi hata kama pua inaonekana safi. Daktari alituelekeza kutumia nebulaiza, kifaa kinachogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta, yenye salaini, yaani maji ya chumvi ya hospitali. Namweka kwenye kikapu chenye matundu, nafunika kwa kanga nyepesi, anavuta ule ukungu kama robo saa. Akitoka hupiga chafya mfululizo na kamasi hutoka, nami hufurahi. Dawa za kuchua zenye harufu kali usimpake.

Pua iliyoziba hainusi chakula, kwa hiyo naanza na giligilani au mnanaa, nyasi hufuata. Asipokula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku, usingoje kesho. Tumbo la sungura likisimama linaua.

Akiwa amelala, hesabu pumzi zake. Kawaida ni 30 hadi 60 kwa dakika. Andika hesabu yake ya kila siku, ili ikipanda uione mapema. Kidevu kikiinuliwa juu, matundu ya pua yakitanuka kila pumzi, au midomo ikiwa ya bluu, nenda kwa daktari saa hiyohiyo. Joto la Oktoba na Novemba huzidisha kila kitu kwa sababu sungura hatoi jasho, basi mwekee chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa aegemee.

Njiani msafirishe kwenye boksi lenye hewa, akiwa amekaa kwa miguu yake. Na ukifika, asiruhusiwe mtu kumlaza chali ili amkague: utumbo huegemea kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na kubana mapafu ambayo tayari yanahangaika.