Kabla Hujaihukumu Prosesa

Wadogo zangu, wiki hii nimemkuta mmoja wenu anamwambia mteja, "Mama, prosesa imekufa," yaani ubongo wa kompyuta yake, hata feni hajaigusa. Ameona skrini ya bluu imeandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, basi, hukumu ikatoka. Nilipofungua boksi, vumbi lilikuwa limeziba hitisinki, kile chuma cha kuipoza prosesa, na pesti ya kupitisha joto kati yao imekauka kama chaki. Tukasafisha, tukapaka pesti mpya, mama akaondoka na prosesa yake ileile. Jamani, mpaka lini?

1. CPU ndiyo hiyo prosesa, lakini mteja akisema "CPU imekufa" anamaanisha boksi zima. Wewe fundi huna ruhusa ya kusema hivyo. Kodi 0x124, ndiyo namba ya ule ujumbe wa WHEA, inakwambia tu kuwa hitilafu ya vifaa imeripotiwa, na anayepiga yowe si lazima awe ndiye mwizi. Joto, pawasapulai inayogawa umeme, RAM (kumbukumbu ya muda), mazabodi (bodi kuu), wote washukiwa. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta WHEA-Logger: namba 18 ni kosa lililoangusha mashine, 19 ni lililosahihishwa. Ukiona 19 zinajazana, usingoje 18.

2. Rudisha BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, kwenye mipangilio ya kiwandani, na XMP, ile ya kuikimbiza RAM kasi zaidi, izimwe. Kuna kijana alishabadilisha RAM mara mbili, kumbe mdogo wake alipunguza volti za prosesa ili ipoe wakati wa gemu, asimwambie mtu.

3. Usivute hitisinki ikiwa ya baridi. Hili nililipia. Ilikuwa Ryzen ya soketi ya AM4, mali ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, inazima ovyo. Mashine ilikuwa imelala usiku kucha. Nikafungua skrubu, nikavuta juu kwa nguvu. Ikalia "ta!" Hitisinki ikaja mkononi na prosesa imenata chini yake, komeo la soketi bado limefungwa. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 tumboni. Nne za pembeni zilikuwa zimelala. Nikachukua penseli ya kubonyeza, nikatoa risasi, nikaanza kuziinua moja moja kwa ile ncha yake tupu. Tatu zikasimama. Ya nne ikakatika, ikabaki mezani, ndogo kuliko punje ya mtama.

Mwenyewe alipokuja nikamwambia nimeikuta hivyo. Nilidanganya. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, kaka," akaondoka. Sikula mchana ule. Jioni nikampigia nikamweleza ukweli, na prosesa nyingine nikanunua kwa hela yangu. Nikaifunga, nikawasha, mashine ikazima vilevile! Ndipo nikaangalia plagi ya pini nane inayoleta umeme kwa prosesa: haikuwa imeingia mpaka mwisho, na pini yake moja imeungua ikawa ya kahawia. Prosesa niliyoiua ilikuwa nzima. Kuikagua ile plagi kungenichukua dakika moja.

Kwa hiyo: washa mashine dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia, ndipo uinue.

4. Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14 zina kesi yake. Kuanzia Agosti 2024 zilitolewa maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, za kurekebisha volti iliyokuwa ikizidhuru, 0x129 kisha 0x12B, zinazokuja na BIOS mpya. Weka BIOS mapema, maana iliyokwisha kudhurika haiponi kwa BIOS. Hiyo dai waranti, iliongezwa miaka miwili.

5. Memtest86, programu ya kupima RAM, iachwe ikimbie usiku kucha. Dakika tano si kipimo.

6. Na muulizeni mteja: inazima saa ngapi, ukifanya nini? Yule mama nilimuuliza kabla sijashika bisibisi. Akasema, "Mchana jua likiwaka tu, baba. Usiku inafanya kazi vizuri hata saa tano." Alikuwa amekaa pale benchi tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.