Doti ya wifi imezua maneno

Dada, unauliza kama wifi amekasirika bure kwa ile doti ya kanga uliyompelekea, yenye jina, yaani maandishi yake, "Usisafirie nyota ya mwenzio". Bure wapi! Wewe ulitazama rangi, yeye akasoma jina, na huku Pwani watu husutana kwa kanga bila kufungua mdomo. Usimfuate na maelezo marefu, ataona unajitetea. Mnunulie nyingine. Safari hii muuzaji aikunjue yote palepale dukani, maana jina hukaa upande wa chini wa mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, karibu na pindo, na kanga ikikunjwa halionekani. Chagua la upole, kama "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Mpelekee mwenyewe, ikiwa imeshakatwa na kupindwa. Ile ya kwanza akikurudishia, ipokee, ila usiivae mbele yake.