Bakuli la jiwe, shanga na mwenye mashine

SWALI: Mimi ni wakala wa mbegu, nazunguka kati ya Kakamega, Kisumu na Nakuru, na safarini hupenda kutafuta vitu vya kale. Wiki hii, upande wa Njoro, mkulima aliyekuwa akichimba shimo la choo aliniuzia bakuli zito la jiwe na shanga chache kwa shilingi 1,500. Alisema palikuwa na mifupa pia, akaifukia. Bakuli nimelisugua kwa sabuni na stilwuli lakini ndani lina weusi usiotoka. Nitumie limau au asidi ya betri? Tena kuna jamaa hapa Nakuru ana mashine, anataka 20,000 akapime pale, anasema panaonyesha dhahabu. Nimwamini, au ninunue mashine yangu? – Msafiri, Kakamega

JIBU: Ndugu Msafiri, weka hiyo stilwuli chini. Huo weusi unaouandama ndio ningeutaka mimi, kuliko bakuli lenyewe.

Kila mwezi naletewa jiwe juu ya meza, limeoshwa linang'aa, mwenyewe ananiuliza: "Daktari, hili ni la mwaka gani?" Jiwe halina mwaka. Umri wa bakuli kama lako tunaupata kwa vilivyolala nalo: mkaa, mfupa, mbegu iliyoungua, tabaka la udongo. Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walipochimba pango la Mto Njoro, hapo hapo ulipopita na mbegu zako, walikuta wafu waliochomwa moto, wamewekewa mabakuli ya jiwe, michi na mawe ya kusagia, na shanga za mawe ya rangi. Moto ule ule ulihifadhi kibuyu na chombo cha mti kwa kuvigeuza mkaa. Leo twajua kwamba hao walikuwa wafugaji walioishi Bonde la Ufa miaka kama 3,000 iliyopita. Kama mtu angepita kabla yao akabeba mabakuli na kuyasugua, tungebaki na mabakuli tu, kama yale ya kupondea vitunguu.

Weusi wa ndani huweza kuwa masizi, mkaa au mafuta ya chakula. Kwenye vigae vya vyungu vya wafugaji hao wa kale, maabara zimepata mafuta ya maziwa yaliyonasa ndani ya udongo wa chungu miaka yote hiyo. Sabuni yako imeshakula sehemu. Asidi itamaliza.

Kuhusu limau, nilishaletewa shanga ndani ya chupa ya soda, zimelowekwa usiku kucha "zitakate". Zilikuwa za ganda la yai la mbuni. Ganda la yai na limau unajua yanavyofanya: chokaa inachemka mapovu, inayeyuka. Chini ya chupa palikuwa na maji meupe na vipete vitano vyembamba kama kucha ya mtoto, nilipogusa kimoja kikakatika. Aliyeleta alikuwa amezihesabu kabla, zilikuwa arobaini na mbili.

Sasa hilo la mifupa umelipitia haraka mno. Bakuli, shanga na mifupa katika shimo moja, kwa kila dalili hilo ni kaburi. Umenunua chombo cha marehemu kwa 1,500, na mkulima bado anataka choo chake pale.

Mwenye mashine je? Mashine hizo zipo za kweli, zinahisi metali. Bakuli ni jiwe, shanga ni jiwe au ganda, mfupa ni mfupa: mashine haitalia kwa hata kimoja. Hata iliyo nzuri huona sarafu kwenye kina cha shibiri moja au moja na nusu hivi, si mita tatu. Udongo wetu wa Nakuru nao umetokana na volkano, una chembe za chuma, na mashine isiyosawazishwa vizuri hulia ovyo kama mbuzi aliyefungwa juani. Ikilia shambani kwa mtu, tegemea msumari, kifuniko cha soda, kipande cha waya. Wale wanaotafuta dhahabu kwa programu ya simu ndio kichekesho kabisa. Kihisi kidogo cha sumaku kilicho ndani ya simu kinahisi chuma kilicho karibu nacho, na dhahabu haivutwi na sumaku.

Huyo wako hatafuti dhahabu, anatafuta 20,000. Wiki ijayo atakwambia mali imelindwa, inataka "kufunguliwa", ongeza kidogo. Ndiyo nyimbo zile zile za zebaki nyekundu, eti mali ya thamani iliyofichwa ndani ya cherehani za Singer na redio za mbao. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Upande wa Kisii wanaambiwa Wajerumani walizika masanduku ya mali mwaka 1914. Wajerumani waliingia Kisii Septemba mwaka huo, wakapigana na Waingereza, wakaondoka muda si mrefu. Jeshi linalokimbia hubeba majeruhi wake, ndugu yangu. Na ile shilingi ya simba ya mwaka 1921 unayoonyeshwa kama "fedha tupu" ina robo moja tu ya fedha.

Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, hata shamba likiwa la babu yako. Kuchimba kuvitafuta kunataka leseni, na aliyevikuta ana siku saba kutoa taarifa na kuonyesha mahali hasa. Hesabu zako unazijua.

Kwa hiyo mpigie mkulima leo asimamishe choo, asimruhusu mtu wa mashine, na amweleze chifu habari ya mifupa. Wewe peleka bakuli na shanga makumbusho ya Hyrax Hill, kando ya barabara ya Nairobi ukitoka Nakuru mjini. Ukiwa hapo panda mlimani uone mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, utashiba hamu yako ya vya kale bila jembe. Ukipata nafasi ya Kariandusi, karibu na Elementaita, utaona mashoka ya mawe yamelala pale pale yalipofukuliwa, na hapo utaelewa ninachokipigia kelele.

Na gunia ulilobebea bakuli siku ile, usilikung'ute. Lifunge na udongo wake ulipeleke makumbusho lilivyo, pamoja na bakuli.