Heda au manifoldi ya kiwandani? Maswali yenu wenye magari ya zamani

Maswali ya ekzosi yamekuwa mengi, mengine yanafanana, najibu haya machache. Kwa mgeni: manifoldi ni kile chuma kinachofungwa kwenye injini kukusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi, heda ni mabomba yanayofungwa badala yake.

Nina V8 (silinda nane) ya lita 5.7, injini haijawahi kuguswa. Nikifunga heda nitapata nguvu kiasi gani?

Kidogo sana kaka, pengine usiisikie kabisa. Heda kila silinda inapata bomba lake, mabomba yanakuja kukutana kwenye bomba moja kubwa, yaani kolekta, moshi wa silinda moja ukitoka kwa kasi unaacha mvuto nyuma yake unaosaidia kuvuta wa silinda inayofuata. Hilo ni kweli kabisa, ila faida yake inaonekana zaidi injini ikizunguka juu, tena njia yote iwe wazi, sasa wewe una kamshafti (ile shafti inayofungua valvu) ya kawaida na kabureta ya kawaida na huko nyuma bomba jembamba lenye silensa iliyojaa masizi, moshi si utakimbia kidogo tu halafu ukwame palepale? Anza na bomba na silensa. Ukiona bado unataka heda basi usivutiwe na mabomba manene, kwa injini ya ukubwa huo ya kuendea barabarani inchi 1⅝ inatosha, ukizidisha moshi unapoteza kasi na gari inakuwa nzito kuondoka.

Manifoldi yangu imepasuka. Fundi mmoja anasema achomelee, mwingine anasema ndo nafasi ya kununua heda.

Kwanza una uhakika imepasuka? Ule mlio wa tik tik asubuhi unaopotea injini ikipata moto mara nyingi ni gasketi imeungua au stadi (bolti ya kufungia manifoldi) imekatika, chuma kikipanuka panajiziba. Kama ufa upo kweli, chuma cha kutupwa (kile kinachomiminwa kwenye kalibu) kinachomeleka ila sio na mtu wa mageti. Kinapashwa moto chote kwanza, kinachomelewa kwa rodi za nikeli, kinaachwa kipoe taratibu sana, ukiharakisha kinapasuka tena pembeni ya pale pale. Halafu uso unaokaa kwenye silinda hedi usawazishwe kwa mashine maana mara nyingi unakuwa umeshapinda. Mimi ningetafuta kwanza manifoldi nzima ya mtumba. Ila usiendelee kuendesha huku inavuja, moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo ikiingia ndani ya gari yenyewe haina harufu ya kukushtua.

Tangu nifunge heda gari inakohoa nikikanyaga mafuta, na ikiwa ya moto stata inagoma.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Kukohoa, toa plagi uziangalie, zikiwa nyeupe ujue mafuta hayatoshi, injini sasa inapumua zaidi na kabureta bado imesetiwa kwa manifoldi ya zamani, inataka jeti (kile kitundu cha kupitishia mafuta) kubwa kidogo. Lakini hakikisha kwanza hakuna mahali panapovuja. Na choki, ile inayosaidia injini kuwaka ikiwa baridi! Watu wanaisahau hii, choki nyingi za otomatiki za zamani zilikuwa zinachukua joto kwenye manifoldi ya ekzosi, ukishaitoa choki haijui tena kama injini imepata moto, funga ya umeme. Stata nayo inachomwa na bomba linalopita jirani, weka ngao ya joto hapo na waya za plagi uzivute mbali. Zile kanda za kuzungushia mabomba mimi sizipendi, zinashika unyevu na heda ya chuma cha kawaida inaoza humo ndani huku we unaona nje pamependeza tu, afadhali ipakwe rangi ya seramiki.

Heda kwenye Volkswagen Beetle vipi?

Ipo, ila chagua ile inayounganishwa na maboksi ya joto ya kiwandani. Injini ile inapozwa kwa hewa, joto la ndani na la kutoa ukungu kwenye kioo linatoka kwenye hayo maboksi, ukiyatoa umelipoteza.

Hakuna kitu cha katikati?

Kipo na ndicho ninachopenda zaidi. Viwanda vyenyewe vilishatengeneza manifoldi za chuma zinazopumua vizuri, mfano zile za ram horn (zimepinda kama pembe za kondoo) za Chevrolet Corvette zenye mdomo wa inchi 2.5, au za Pontiac Ram Air. Hazikaribii chini kama heda ndefu kwa hiyo hazigongi matuta, hazipigi kelele, na ukiacha kukimbia mashindano sioni unachokosa. Hata MGB, kale kagari ka michezo ka Uingereza, manifoldi yake ya kiwandani ni nzuri, mtu anabadilisha anaishia kupata sauti tu. Sauti nayo ni sababu, sikatai, ila usijidanganye kwamba ni nguvu.

Heda zangu nakaza leo, baada ya muda zinavuja tena.

Angalia unene wa flenji (lile bamba la heda linalokaa kwenye injini), nyembamba zinapinda kwa joto, tafuta za inchi ⅜. Kisha washa mpaka ipate moto, zima, ipoe kabisa, kaza upya ukianzia katikati kwenda pembeni, urudie hivyo mara kadhaa.

Manifoldi za zamani nizitupe?

Usithubutu. Zile namba zilizo kwenye chuma ndo mnunuzi au jaji wa maonyesho anazokuja kuzitafuta, zipake mafuta uzihifadhi pakavu.