Jibu: Natafuta tafiti za ukungu wa viazi Makete, katalogi inaleta sifuri

Habari mkuu. Nimeelewa umeandika "athari za ugonjwa wa ukungu wa viazi kwa wakulima wadogo Makete" kwenye katalogi ya maktaba ya chuo, ikakuletea sifuri.

Kwanza angalia unatafutia wapi. Katalogi ya maktaba kwa kawaida inaorodhesha vitabu na majarida kwa majina yake, haichambui makala moja moja zilizomo ndani. Makala katafute AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) au Google Scholar (injini ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma). Tasnifu zipo kwenye hifadhi za mtandaoni za vyuo, na kwa mambo ya kilimo anza na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo).

Pili, sentensi ndefu hiyo iache. Weka jina la kisayansi la kimelea, "Phytophthora infestans", ndani ya alama za mnukuu, kisha ongeza Tanzania basi. Tafiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili chako hakitazigusa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: mkoa. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, kwa hiyo utafiti wa Makete wa 2005 utakuwa unataja mkoa wa Iringa. Mbozi nayo ilikuwa Mbeya hadi Songwe ilipoanzishwa 2016. Andika Makete OR Njombe OR Iringa, hiyo OR ("au" kwa Kiingereza) kwa herufi kubwa, ili ilete tafiti zenye jina lolote kati ya hayo.

Ukikuta makala ya kulipia usitoe hela bado. Muulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zinazoendelea makala za kulipia bure au kwa bei nafuu. Ripoti za zamani ambazo hazijapandishwa mtandaoni, panda daladala ukaulize TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mbeya.