Maswali ya Wasomaji: Meza ya Slabu, Kutoka Gogo Hadi Sebuleni

Barua nyingi mwezi huu zimehusu meza za slabu, zile mbao pana zilizopasuliwa kwenye gogo zima na kuachwa na ukingo wake wa asili. Tumechagua sita, na mafundi wetu wanajibu.

Tumeangusha mwembe mkubwa nyumbani, shina lina upana wa karibu mita moja. Jirani ana chenso. Nipasue unene gani, na nisubiri muda gani kabla ya kutengeneza meza ya chakula?
*Msomaji, Morogoro*

Usikawie kupasua. Gogo la mwembe likilala chini kwa wiki kadhaa kwenye joto, ukungu wa rangi ya kijivu huingia ndani ya mbao na wadudu hujichimbia chini ya gome. Ukitaka meza iliyokamilika iwe na milimita 45, pasua kwa unene wa inchi mbili na nusu, yaani milimita 65 hivi. Hizo 20 zitaliwa na kukauka, kupinda na mikwaruzo ya mnyororo. Chenso iwekewe fremu ya kuiongoza. Ukipasua kwa kukadiria na jicho, upande mmoja utatoka mnene na mwingine mwembamba, na meza yote italazimika kufuata ule mwembamba.

Kabla ya mkato wa kwanza, tazama ulipo moyo wa mti, ile nukta ya katikati ambako mapete yote yanaanzia. Slabu iliyobeba moyo itapasuka palepale, na hakuna rangi wala dawa ya kuizuia. Panga mikato ili moyo ubaki kwenye slabu moja, kisha slabu hiyo uichane kwa urefu na kuutoa. Vipande viwili vinavyobaki vinafaa sana kwa meza yenye mfereji wa epoksi katikati, yaani uwazi uliojazwa resini ya maji inayoganda na kuwa ngumu kama plastiki.

Siku hiyohiyo bandua gome, halafu paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote, mikono miwili (yaani matabaka mawili), ukipandisha sentimita tano kwenye uso wa ubao. Maji hutoka kwenye ncha haraka mno kuliko kwenye uso, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyufa. Panga slabu chini ya paa, penye upepo lakini pasipo jua, zikiwa juu ya matofali kwa sentimita 40 kutoka ardhini. Kati ya slabu na slabu weka vijiti vikavu vya inchi moja kwa moja, kila baada ya futi moja na nusu, vya mwanzo na vya mwisho vikiwa kwenye ncha kabisa. Kila kijiti kikae juu ya mwenzake, mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, slabu zitakauka na mawimbi. Juu kabisa weka matofali ya saruji.

Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ichukue kama makadirio, kisha upime. Kipima unyevu cha sindano fupi husoma ngozi ya juu tu, ambayo hukauka mapema na kukudanganya. Njia ya uhakika haihitaji mashine: kata kipande kidogo kutoka slabu yenyewe, angalau futi moja ndani kutoka kwenye ncha. Kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kisha kipime upya. Kama kilikuwa gramu 248 kikawa 217, maji yaliyotoka ni gramu 31. Gawanya kwa 217 na utapata asilimia 14. Kwa meza itakayokaa Morogoro, asilimia 12 hadi 14 inatosha. Ukifika hapo, iingize slabu ndani ya nyumba kwa wiki tatu kabla ya kuigusa na randa.

Slabu yangu ina vitundu vidogo kama vya sindano, na kila asubuhi nakuta unga laini sakafuni. Nikipaka vanishi wadudu watakufa?
*Msomaji, Bagamoyo*

Hapana. Unga mpya kila asubuhi maana yake viluwiluwi wako hai ndani, wanabungua ile sehemu nyeupe ya nje ya mti yenye wanga. Vanishi itafunika vitundu vya leo na mdudu mzima atatoboa vipya akitoka. Dawa ya boroni iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto hufanya kazi vizuri ubao ukiwa mbichi, kwa sababu unyevu wa ndani huibeba. Kwenye ubao mkavu huishia milimita chache tu. Kwa ubao mkavu tegemea joto: slabu iingie kwenye tanuri la kukaushia mbao mpaka katikati yake ifike nyuzi 56 na kukaa hapo angalau nusu saa. Kama tanuri halipatikani, na sehemu nyeupe ni nyembamba, ichane yote uitupe motoni. Utapoteza ukingo wa asili, lakini fanicha nyingine za nyumba zitabaki salama.

Slabu yangu ya futi saba kwa futi tatu imejipinda. Sina mashine kubwa ya kuranda, nina ruta ya mkono tu. Inawezekana?
*Msomaji, Mombasa*

Inawezekana, na ni njia ya kawaida hata kwa karakana zilizoendelea. Kinachotakiwa ni ruta (mashine inayokata mbao kwa biti, yaani kisu kinachozunguka) ya wati 1,500 au zaidi inayoshika biti yenye shina la nusu inchi, biti bapa ya upana wa milimita 40 hadi 50, reli mbili na kigari.

Reli ziwe za skwea paipu ya inchi mbili, ndefu kuliko slabu kwa angalau sentimita 20 kila upande. Kigari ni angle aini mbili zinazotazamana, zimefungwa kwenye ncha, zikiacha nafasi ya ruta kuteleza katikati. Kwa slabu ya futi tatu, kigari kiwe na futi tano. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatengeneza kigari kwa plaiwudi nyembamba, ruta ikifika katikati kinabonyea milimita moja, na uso unatoka umezama kama sahani. Bonyeza katikati ya kigari kwa mkono, kwa uzito wako. Kikibonyea, kiongezee chuma.

Pima maji peke yake haikwambii kama reli zimekaa kwenye uso mmoja. Funga kamba mbili kutoka pembe hadi pembe, zikatishane katikati. Zinapaswa kugusana kidogo tu. Zikiachana, reli moja imepinda. Zikisukumana, badilisha ipi iko juu na urekebishe tena.

Laza slabu na upande uliobonyea ukitazama chini ili isicheze, kisha piga kabari kila penye uwazi na uzishike kwa gundi. Usiibane slabu kwa klampu mpaka inyooke. Ukiifungua itarudi ilivyokuwa. Kwa biti ya milimita 50 punguza kasi ya ruta iwe kati ya mizunguko 12,000 na 16,000 kwa dakika. Kata milimita mbili kila awamu, kila njia ikipanda ya nyuma kwa theluthi moja, na awamu ya mwisho iwe nusu milimita kwa kufuata nyuzi za mbao. Geuza, fanya upande wa pili, na ujitahidi kutoa kiasi kilekile pande zote mbili. Ukitoa milimita 12 upande mmoja na mbili upande wa pili, unyevu wa ndani unafunuliwa upande mmoja tu na slabu inajipinda upya.

Baada ya hapo isimamishe ukutani wiki mbili, hewa ipite pande zote. Ndiyo maana inafaa kuacha milimita mbili tatu za akiba kwa awamu ya kusawazisha mwisho. Msasa uanze namba 80, halafu 120, halafu 180.

Nilimwaga epoksi ya meza ya mfereji, kina sentimita tano, mara moja. Ikachemka, ikatoa moshi, ikapasuka na kujaa mapovu. Niliuziwa feki?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Huenda ilikuwa epoksi halisi, ila si ya kazi hiyo. Epoksi ya kupaka juu ya meza imetengenezwa ikauke upesi na humwagwa kwa tabaka la milimita tatu hadi sita. Sehemu zake mbili, resini na hadena (kigandishi), zikikutana hutoa joto, joto huharakisha mchanganyiko, na mchanganyiko unatoa joto zaidi. Kwenye tabaka jembamba joto hutoroka. Kwenye kina cha sentimita tano halina pa kwenda. Kwa mfereji nunua epoksi ya kumwaga kwa kina, ile ambayo kopo lake linaandika inaruhusu kina hicho. Hukaa siku mbili tatu kabla ya kushika. Joto la Dar linapunguza kina kinachofaa, kwa hiyo hata hiyo igawe mara mbili.

Hesabu kabla ya kununua. Mfereji wa urefu wa sentimita 180, upana wa wastani 20 na kina 4.5 ni sentimita za ujazo 16,200, yaani lita 16.2. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya nyufa na kinachobaki kwenye ndoo.

Mapovu mengi hayatoki kwenye kuchanganya, yanatoka kwenye mbao. Paka kwanza ukingo wote epoksi nyepesi kwa brashi, mikono miwili, vitundu vizibe, uiache ishike. Kisha mwaga jioni, jua likishapungua: mbao zinazopoa huvuta hewa ndani, zinazopashwa joto huitoa nje. Changanya taratibu dakika nne au tano ukikwangua kuta na chini ya ndoo, hamishia kwenye ndoo ya pili safi na uchanganye tena. Yale madoa yanayobaki kunata mwezi mzima ni epoksi isiyochanganyika, iliyokwanguliwa kwenye kuta za ndoo ya kwanza wakati wa kumwaga. Kipimo cha uzito na kipimo cha ujazo havilingani, kwa hiyo fuata kile tu kilichoandikwa kwenye kopo. Ukungu wa mafuta unaoonekana juu ya epoksi iliyoshika siku za unyevunyevu uoshe kwa maji na steliwaya laini kabla ya tabaka linalofuata. Msasa utausambaza tu.

Meza yako inaokoleka. Chimba sehemu iliyopasuka kwa ruta mpaka ufikie epoksi ngumu na safi, kwangua kwa msasa namba 80, halafu mwaga upya kwa matabaka.

Meza ya mvule, upana sentimita 95, ilitengenezwa Tanga ikaletwa Dodoma. Miezi minne baadaye imepasuka kutoka kwenye ncha, ufa wa sentimita 40. Miguu ni ya chuma. Fundi anasema mti ulikuwa mbovu.
*Msomaji, Dodoma*

Geuza meza uangalie chini. Tunachotarajia utaona ni flatibaa zilizokatisha upana wa meza, kila moja ikiwa na skrubu nne au sita zilizobanwa sawasawa. Mti haukuwa na kosa. Mbao hazirefuki wala kufupika kwa kiasi cha kuonekana, lakini upana wake hufuata unyevu wa hewa. Ubao uliotulia kwenye hewa ya pwani ukiwa na asilimia 15 hushuka hadi 10 hivi katika kiangazi cha Dodoma, na upana wa sentimita 95 hupungua milimita sita hadi tisa. Chuma hakipungui. Skrubu zilishikilia kingo zisisogee, mti ukajitafutia njia.

Fungua skrubu zote. Iache slabu juu ya vijiti wiki tatu, hewa ipite juu na chini. Ufa huenda ukajifunga kwa sehemu. Usiulazimishe kwa klampu na gundi, utahamia sehemu nyingine. Kisha weka vipande viwili vya umbo la kipepeo kukatisha ufa: urefu sentimita tisa, kiuno sentimita mbili na nusu, kina milimita 20, mti mgumu, nyuzi zake zikikatisha ufa. Chora mpaka kwa kisu, si penseli, chimba ndani ya alama kwa patasi, na umalizie kuta kwa kisu kilekile. Kipande kiingie kwa nyundo nyepesi. Ufa unaobaki ujaze epoksi nyeusi.

Kwenye chuma, tundu la katikati libaki la mviringo. Mengine yapanuliwe yawe marefu ya milimita 20 kwa kufuata upana wa meza, kwa bolti ya milimita nane na washa pana. Kaza, halafu rudisha robo mzunguko. Na upande wa chini upakwe vanishi ileile, idadi ileile ya mikono, maana ukiachwa mtupu utanywa na kutoa unyevu peke yake na meza itajikunja.

Nikipiga msasa mvule napiga chafya usiku kucha na mikono inawasha. Na mafuta ya kitani yanafaa kwa meza ya chakula?
*Msomaji, Mwanza*

Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na vumbi la mbao ngumu kwa ujumla limeorodheshwa kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Kitambaa hakitoshi. Vaa barakoa ya kiwango cha P2 (inayochuja vumbi laini) inayobana pua, mikono mirefu, fanya kazi nje ukiipa upepo mgongo, na uoge kabla ya kushika watoto. Kama kifua kinabana hata ukiwa na barakoa, nenda hospitali na ubadilishe aina ya mti. Ukiwa na mvule, kagua pia mawe meupe ya chokaa yaliyojificha ndani yake. Yanang'oa meno ya biti.

Mafuta ya kitani yanafaa nyumbani, ila glasi ya maji baridi itaacha duara. Kwa hoteli au nyumba yenye watoto wengi tumia vanishi ya poliyurethani mikono mitatu, msasa namba 320 kati ya mkono na mkono. Ukichagua mafuta, matambara uliyofutia usiyakunje wala kuyatupa kwenye ndoo: yanapokauka hujipasha joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye maji.